Kamera, ndege za kijani na mabati ya Mama

Najua nimekaa kimya. Zamu zimebana, wodi imejaa, na nikirudi chumbani naanguka kitandani kama gunia la mkaa. Lakini wiki hii mdogo wangu wa mwisho, yule mpiga picha wa harusi wa Tanga, kanitumia ujumbe mrefu kama barua ya posa. Anataka nimnunulie kamera. Tena ile mpya kabisa, ambayo kila kijana wa YouTube anaisifia. Sababu yake ni kwamba ameziona picha zangu za ndege za Siku ya Taifa huku Saudia, naye anataka kupiga picha za aina ile. "Dada, ukinipa kamera kama yako mimi nimetoka."

Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumbani akauliza kuna nini. Mdogo wangu, kamera yangu ilitoka mwaka 2013! Nimeinunua mkononi mwa mtu, mpira wa pembeni umebanduka nimeubandika na plasta ya hospitali. Zile picha hazikutokana na kamera. Zimetokana na lenzi.

Basi nikaona nijibu hapa wazi, maana si yeye peke yake. Binamu wa Mombasa aliniuliza, na shoga yangu tuliyesoma naye uuguzi aliniuliza pia. Halafu kuna jambo ndani ya habari hii ambalo nina deni nalo kwa Mama. Nitalifikia. Mama, usiruke mistari.

Kwa wasiojua tunazungumzia nini: Saudia wana Siku ya Taifa yao tarehe 23 Septemba, kukumbuka mwaka 1932 Mfalme Abdulaziz alipoutangaza ufalme. Miaka hii jeshi lao la anga huitumia wiki hiyo kurusha ndege juu ya miji, na kwa Jeddah ni ufukweni, Corniche, bure kabisa. Familia zinatandika mazulia, chupa za kahawa na sahani za tende katikati, watoto wamevaa kijani kuanzia kofia hadi soksi. Zinapita F-15, zinapita Typhoon, zinapita na Tornado ambazo Waingereza wenyewe walizistaafisha 2019. Halafu kinakuja kile kikundi cha maonyesho, Saudi Hawks, kilichoundwa 1998 na chenye makao Tabuk kule kaskazini. Wanarusha ndege ndogo za mafunzo za Kiingereza aina ya Hawk, zimepakwa kijani na nyeupe, wanatoa moshi wa rangi nyuma, wanapishana uso kwa uso hadi unafumba macho. Sisi tuliozoea kuchungulia ndege za JWTZ zikipita juu ya uwanja tarehe 9 Desemba, zimepita mara moja zimekwisha, hapa unakaa na shingo juu mpaka inauma.

Mara ya kwanza kuona ilikuwa Septemba 2022. Wakati ule nilikuwa Jeddah, sijahamia Riyadh bado. Wiki mbili kabla, tangazo likaanza kuzunguka wodini kwamba kutakuwa na ndege, na mimi nikapandwa na wazimu wa kamera. Sijui niseme nini kingine. Nilikuwa na miezi mingi ya kazi bila kujinunulia kitu, kila riyali ina jina la mtu nyumbani, na siku hiyo moyo ukasema leo na mimi. Nikaingia duka la kamera, kijana wa duka akanipakulia ile mpya, fremu nzima, haina kioo ndani, nyepesi, na lenzi yake ya 24-105. Nikaulizwa mara moja tu nataka kupiga picha gani, nikajibu "kila kitu". Jibu la mtu anayetaka kuibiwa! Ingawa sikuibiwa. Bei ilikuwa halali, kitu kilikuwa halali, mjinga nilikuwa mimi. Ilikula zaidi ya mshahara wa mwezi mzima.

Siku ya maonyesho nikasimama pale Corniche na kamera shingoni kama mwandishi wa habari. Ndege zikaja. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza. Usiku chumbani nikafungua picha kwenye kompyuta: anga. Anga safi sana, lenye inzi katikati. Picha mia nne za inzi wa kijani!

Ngoja niwaonyeshe hesabu, maana ingekuwa imenisaidia mimi kabla sijafungua pochi. Ni hesabu ya shule ya msingi. Chukua urefu wa ndege, zidisha kwa milimita za lenzi, gawanya kwa umbali. Hawk ina urefu wa karibu mita 12. Tuseme iko mita 500 kutoka kwako, na hapo ni karibu. Lenzi yangu ikivutwa mpaka mwisho ni milimita 105. Mara 12, gawanya kwa 500, unapata milimita mbili na nusu. Ndiyo ukubwa wa ndege juu ya kile kioo cha kunasa picha ndani ya kamera, na kioo cha fremu nzima kina upana wa milimita 36. Yaani ndege inachukua sehemu 7 tu kati ya 100 za upana wa picha. Zilizobaki 93 ni anga la Mfalme.

Sasa chukua kamera ya kawaida ya kioo kidogo, upana milimita 22 na nusu, uifunge lenzi ya 300. Ndege ileile, umbali uleule, inakuwa milimita 7 na kidogo, yaani karibu theluthi moja ya picha. Hapo unaona rubani ana kofia. Kamera ya bei ya chini, yenye kioo kidogo, imeishinda ya bei kubwa kwa mbali, na sababu ni lenzi. Hakuna teknolojia ya mwaka huu wala ya mwaka ujao itakayobadilisha hesabu hii.

Aliyenifungua macho ni kaka mmoja Mfilipino wa idara ya eksirei, tunamwita Kuya, ndiyo "kaka" kwa lugha yao. Wafilipino huku ndio walimu wa kamera, kila hospitali utawakuta wawili watatu ambao siku ya mapumziko wako jangwani na begi la lenzi. Alitazama picha zangu za inzi, akanyamaza kwa heshima, kisha akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba nimenunua gari la kifahari bila magurudumu. Mwezi uliofuata akanisaidia kuiuza. Nilipata hasara ambayo sitaitaja hapa kwa sababu kaka mkubwa anasoma. Nikachukua Canon 70D iliyotumika na lenzi ya 70-300 iliyotumika, zote mbili kwa pesa pungufu ya nusu ya ile ya kwanza. Ndizo zilizopiga picha mlizoziona.

Sasa maoni yangu, na najua wengine mtabisha. Kwa anayetaka kupiga picha za ndege angani, lenzi inayofika 300 au 400 iliyofungwa kwenye bodi yoyote ya miaka kumi iliyopita inatosha, na kila shilingi ya ziada inayokwenda kwenye bodi kabla ya lenzi ni pesa ya kujionyesha. Nimesema. Na inayotosha ni f/5.6. Zile lenzi nyeupe kubwa za f/2.8 mnazoziona pembeni mwa uwanja wa mpira ni za giza, za taa za usiku. Ndege tunazipiga mchana wa Arabuni, jua linakupiga kama umekosana nalo. Ukiweka ISO 400 na tundu f/8, unapata kasi ya shata 1/1600 bila shida, na hiyo inamgandisha Hawk barabara. Mwanga hapa ni wa bure, kwa nini ununue lenzi ya kuutafuta?

Kuya hakubaliani nami moja kwa moja, na kwa haki ya Mungu nitoe hoja yake. Anasema kamera mpya zimejifunza kutambua ndege zenyewe. Canon R6 Mark II ya 2022, kwa mfano, unaiambia "vyombo vya usafiri" nayo inaikamata ndege na kuing'ang'ania fremu baada ya fremu. Hawk mbili zikipishana uso kwa uso, yangu ya 2013 huchanganyikiwa, wakati mwingine inaamua kuutazama moshi. Hilo ni kweli, nimekosa picha nyingi za kupishana. Lakini weka kamera hiyo na lenzi ya 105 uone: itaitambua nukta kwa uhakika mkubwa sana. Kwi kwi kwi!

Na wale wa "simu yangu inatosha". Video ya simu ni nzuri, hasa kwa ile sauti ya F-15 inayokutikisa mbavu, mimi mwenyewe niliirekodi Mama aisikie. Lakini simu nyingi zikivuta mbali zinakata kipande cha picha na kukitanua, unabaki na ndege iliyopakwa kama uji.

Sasa mtasema, kama 300 ni nzuri basi 600 ni nzuri zaidi. Nilifikiri hivyohivyo. Nilipohamia Riyadh, Kuya (naye alihamia, ndiyo maisha ya mikataba) aliniazima Sigma yake ya 150-600. Ina karibu kilo mbili, bado hujafunga kamera. Mimi nimeinua wagonjwa wa kila uzito, sina mikono ya kitoto, lakini kushika kilo mbili na nusu ukielekeza juu kwa dakika arobaini baada ya zamu ya usiku ni habari nyingine. Dakika ya kumi mikono ikaanza kutetemeka kama mgonjwa wa sukari aliyechelewa kula. Na kwa 600 tundu la kuchungulia linakuwa jembamba kiasi kwamba ndege ikitoka huioni tena; unaisikia, watu wanashangilia, wewe unapekua anga tupu. Hata ukiikamata, kundi zima la ndege haliingii kwenye picha, unapata mkia wa mmoja na bawa la mwingine.

Halafu kuna jambo ambalo tangazo la duka haliliandiki: hewa yenyewe. Riyadh iko katikati ya nchi kavu, mita mia sita hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Septemba ardhi bado inatoa joto kama kikaango. Hewa ya moto na isiyo ya moto sana zinachanganyika, mwanga unapinda, kila kitu cha mbali kinacheza kama lami ya barabara ya Segera saa nane mchana. Lenzi ndefu inakuza ndege na inakuza huo mchezo pia. Picha zangu za 600 za ndege zilizopita chini kwa mbali zilionekana kama zimepigwa kupitia maji. Za 300, ndege ikiwa juu na karibu, zilikuwa safi. Hakuna lenzi ya pesa yoyote inayotibu hewa. Unasubiri ndege isogee, basi.

Na vumbi! Riyadh ukibadilisha lenzi nje umeualika mchanga ndani. Kwenye picha ya harusi huwezi kuona kitu, lakini picha ya ndege ni anga jeupe tupu, na kila punje juu ya kioo inakuwa doa jeusi. Nilikaa usiku mzima nafuta madoa kwenye kompyuta kama nasafisha upele. Tangu hapo natoka na lenzi moja imefungwa nyumbani, na haifunguliwi mpaka nirudi. Ndiyo sababu nyingine ya kusema zumu moja ya 70-300 ni bora kuliko begi la lenzi tatu.

Jeddah shida yake ni nyingine, na watu wa Tanga na Zanzibar mtaielewa upesi. Unyevu. Unatoka kwenye gari lenye kiyoyozi, hatua tatu tu na lenzi imefunga ukungu kama miwani ya mpishi wa pilau. Mara ya kwanza nilifuta na khanga, ikafunga tena, nikafuta tena, ndege ya kwanza ikapita. Dawa yake ni kuifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado ndani, kisha uutoe nje mfuko ukiwa umefungwa, uuache kama nusu saa kamera ipate joto la nje, ndipo ufungue. Halafu Corniche inatazama magharibi, Bahari ya Shamu iko mbele yako, na maonyesho huwa alasiri. Kwa hiyo jua liko usoni mwako na ndege zinakuwa vivuli vyeusi. Wengi wanalalamika. Mimi naongeza mwanga kidogo kwenye kamera, +1 hivi, anga linaungua kidogo lakini tumbo la ndege linaonekana kijani chake. Na jua likikaribia maji naacha, napiga kivuli kama kilivyo, moshi ukiwa na rangi ya chungwa. Picha ile ambayo shangazi ameiweka sebuleni ni ya hivyo. Alidhani ni ya kununua.

Mambo madogo ya mipangilio nayasema haraka kwa sababu mdogo wangu anayajua nusu. Fokasi iwe ile inayofuata, kwenye Canon inaitwa AI Servo, usiache ile ya picha moja uliyozoea kupigia maharusi. Ndege za jeti shata 1/1000 kwenda juu. Lakini helikopta na ndege za panga shusha hadi 1/250 au hata 1/125 ukiweza kutulia, la sivyo panga linaganda na ndege inaonekana kama kitoto kimeininginiza kwa uzi. Anza na zumu kwenye 100 kuitafuta ndege, ukishaikamata ndipo uvute.

Jambo la sheria nalo. Ninyi mnaopenda kuja umra na kamera shingoni, sikilizeni. Maonyesho yaliyotangazwa, piga. Lakini lenzi ndefu kuielekeza kambi ya jeshi, uwanja wa ndege au kasri, usithubutu, hata kama ndege iliyokaa pale ni nzuri namna gani. Na watu ufukweni, hasa akina mama na familia zao, si mali yako ya kupiga. Saudia wana sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2007 inayogusa hata kuingilia faragha ya mtu kwa kamera ya simu, adhabu inafika mwaka mmoja jela na faini hadi riyali 500,000. Mimi lenzi yangu ikiwa haitazami juu, inatazama miguu yangu. Na msije Riyadh mkitegemea yale maonyesho makubwa ya silaha ya Malham, World Defense Show, yaliyofanyika 2022 na 2024. Yale ni ya wafanyabiashara wenye vitambulisho, nesi na birika lake la chai hana nafasi.

Sasa Mama.

Ule mwezi wa Septemba 2022, pesa ya mabati ilipokosekana, nilisema mshahara umechelewa. Haukuchelewa. Mwajiri alilipa siku ileile ya kila mwezi. Pesa ya mabati niliishika mkononi, nikaipeleka dukani, ikageuka picha mia nne za inzi. Nilijiambia mwezi mmoja si kitu, fundi atasubiri. Vuli ya mwaka ule haikuwa kubwa, wote tunakumbuka ilivyokuwa haba, lakini paa bovu halihitaji mafuriko. Shangazi ndiye aliyeniambia, mwaka mzima baadaye, kwamba ulitandika mabeseni chumbani na kuhamishia kitanda ukutani, na kwamba ulimkataza asiniambie kwa sababu "mtoto anahangaika ugenini, mshahara wake umecheleweshwa". Nilikuwa naendesha dripu ya mgonjwa nilipousoma ujumbe ule. Nikaenda kwanza kunawa mikono, nikakaa huko kunako sinki dakika kadhaa.

Mabati nilituma Novemba, mnajua. Lakini ukweli sikuutuma. Ndio huu.

Na ndiyo maana, mdogo wangu, jibu la kamera mpya ni hapana. Sikunyimi kwa uchoyo. Wewe tayari una Canon 600D. Ni ya 2011, ina pikseli milioni 18, inapiga picha tatu na nusu hivi kwa sekunde, pole pole lakini inafika. Wateja wako wa harusi hawajawahi kurudisha picha. Unachokosa ni urefu. Kwa hiyo nakutumia lenzi, 70-300 ile ya pili, ya 2016. Zingatia ile alama ya II kwenye jina, kwa sababu ya kwanza ya 2005 inafanana jina lakini fokasi yake ni ya kuvizia, ndege inatua haijaamka. Hii ya pili inaruka. Ina gramu 710, unaishika mchana kutwa. Inaingia kwenye 600D yako kama ilivyo, na siku ukipata pesa zako mwenyewe ukanunua Canon isiyo na kioo, unaiwekea adapta na inafanya kazi vilevile. Lenzi mpya za RF kinyume chake hazirudi nyuma kwenye bodi yako, kwa hiyo asikudanganye mtu wa Kariakoo. Na binamu wa Mombasa mwenye Nikon D90, angalia usinunue zile zenye jina AF-P, kwenye bodi yako hazitafanya fokasi.

Utasema Tanga hakuna maonyesho ya ndege. Ni kweli, na tafadhali usiende kusimama kwenye uzio wa uwanja wa ndege bila ruhusa, huko nako wanakamata. Lakini Coastal wakicheza Mkwakwani, lenzi hiihii inamfikia mshambuliaji kwenye boksi la pili. Mahafali, mzazi anayelia safu ya nyuma, inamfikia. Yule anayekimbiza ndege na anayekimbiza mpira wanahitaji kitu kimoja. Ukitaka kujizoeza kufuata kitu kinachoruka, nenda Raskazone asubuhi na mapema upige kunguru, hawana adabu lakini wako wengi. Ukiweza kumfuata kunguru anayekata kona, Hawk ni rahisi, Hawk angalau ana ratiba.

Niliichagua lenzi yenyewe kwa tochi. Ukinunua iliyotumika, mulika tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, imekaa kwenye unyevu mahali fulani, irudishe hata wakupunguzie bei. Mbili za kwanza nilizoonyeshwa, zote zilizotoka Jeddah, zilikuwa nayo. Hii ni safi. Na usiniulie huko Tanga: isikae kabatini ndani ya begi la ngozi. Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu, nakutumia ishirini, nimevikusanya kwenye maboksi ya dawa.

Inakuja na kaka mmoja wa maabara, Mtanzania mwenzetu, anaingia likizo mwezi ujao. Nimeiviringisha kwenye soksi tatu na ile fulana ya Yanga uliyoniomba. Mpokee Dar wewe mwenyewe, usimtume mtu. Ndani ya soksi ya tatu kuna bahasha ya Mama, ni ya fundi amalizie upande wa varanda. Usiifungue.

Haya, saa zetu na zenu ni zilezile, kwa hiyo mnajua ni saa kumi na mbili jioni na basi la zamu limeshapiga honi mara mbili. Mama, nitapiga Jumapili baada ya ibada. Ukitaka kunigombeza, nigombeze hiyo siku, nitakuwa nimelala vizuri.